Meza Moja, Madarasa Matatu

Kila mara suala la watoto wanaosomea nyumbani linapozuka katika nchi hii, huzuka likiwa kesi. Upande mmoja husimama maafisa wa elimu wakiwa na sheria mkononi; upande wa pili husimama wazazi wakidai kuwa mtoto ni wao kabla ya kuwa wa serikali. Pande hizo mbili hurushiana maneno kwa siku kadhaa, kisha kila mmoja hushika njia yake, na hakuna aliyeuliza swali ambalo mwalimu yeyote angeliuliza kwanza: je, watoto hao hufanya nini tangu asubuhi hadi jioni, na hufanya hayo kwa lugha gani?

Swali hilo la lugha ndilo lililonivuta, kwa kuwa kazi yangu ni isimu wala si uanasheria. Hata hivyo hatuwezi kulifikia pasipo kupitia kwenye sheria, maana katika jambo hili sheria na lugha zimefungamana kwa namna ambayo, naamini, watunga sheria hawakuikusudia.

Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 nayo inamtaka mzazi amwandikishe mtoto wake shuleni na kuhakikisha kwamba anahudhuria. Anayekaidi bila sababu ya maana aweza kutozwa faini au kutupwa gerezani. Sheria hiyo inazigawa shule katika makundi mawili, za umma na za kibinafsi. Sebule haimo katika kundi lolote. Nia yake ilikuwa njema, na tusiibeze: ilikusudiwa kumwokoa mtoto anayechungishwa mbuzi au anayeozwa mapema, ilhali wenzake wamo darasani. Lakini wavu uliotegewa mzazi anayemnyima mtoto elimu umemnasa pia mzazi anayempa elimu hiyo mezani pake.

Na hapa pana kinaya ambacho hatuna budi kukikumbuka. Mnamo Machi 2020, Covid-19 ilipoingia nchini, serikali hiyo hiyo ilifunga shule zote. Wanafunzi wa Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne waliitwa mwezi wa Oktoba. Wengine, wakiwemo wadogo wote wa chekechea na wa gredi za mwanzo, walikaa nyumbani hadi tarehe 4 Januari 2021. Kwa zaidi ya miezi tisa kila nyumba ya Kenya iliyokuwa na mtoto iligeuzwa shule kwa amri. Taasisi ya Kukuza Mitaala ilirusha masomo kupitia redio za KBC na runinga, na waliofanya kazi hiyo wanastahili shukrani. Hata hivyo redio husomesha gredi moja kwa wakati mmoja, ilhali nyumba nyingi zilikuwa na watoto watatu wa gredi tatu, na chumba kimoja. Mzazi aliyeipitia miezi ile ajua vyema kwamba ugumu haukuwa hesabu wala sayansi. Ugumu ulikuwa huu: unapomfunza mmoja, wawili wanangoja, na mtoto wa miaka minne hajui kungoja.

Shule zilipofunguliwa, wengi wetu tulishusha pumzi. Wachache waliamua kuendelea. Hivi majuzi nilikubaliwa kushinda siku nzima katika nyumba mojawapo ya hao, huko Kitengela. Sitaitaja familia yenyewe, na msomaji ataona sababu hivi punde.

Mama wa nyumba hiyo aliwahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi. Ana binti wa miaka tisa, mvulana wa miaka sita, na kitindamimba wa miaka minne. Mna yaya pia, na siku ile alikuwepo nyanya yao, aliyekuja kutoka Nyeri kuwaona wajukuu. Ukutani palibandikwa ratiba iliyoandikwa kwa kalamu za rangi tatu, kila mtoto na rangi yake, vipindi vikiwa vya nusu saa kama vilivyo shuleni katika gredi za chini. Saa mbili kamili kengele ndogo ililia. Watoto wakaketi. Mama akabadilika akawa mwalimu, na alipobadilika lugha ilibadilika pia: kutoka Kiswahili cha chai na mkate hadi Kiingereza cha darasani.

Vitabu vyenyewe ni vya mtaala wa A.C.E., ulioasisiwa Texas, Marekani, mwaka wa 1970. Ni vijitabu ambavyo mtoto huvisoma peke yake, akajaza mapengo, kisha akajisahihisha. Kwa binti wa miaka tisa mpango huo ulikwenda vizuri, maana yeye anasoma bila kusaidiwa. Kwa ndugu yake wa miaka sita haukwenda. Alisikia dada akinong'ona, akayanakili aliyoyasikia, ingawa ukurasa wake ulikuwa mwingine. Kitindamimba alipewa penseli ya kuchorea, akaivunja, akalia, akapewa nyingine, akataka ile ya kaka. Kufikia saa tatu unusu ratiba ya rangi tatu ilikuwa pambo tu ukutani.

Lakini jambo lililonishughulisha zaidi lilikuwa mazungumzo. Mwaka wa 1975 wanaisimu wawili wa Uingereza, John Sinclair na Malcolm Coulthard, walieleza muundo wa mazungumzo ya darasani ambao walimu wote wataukiri: mwalimu huuliza jambo ambalo tayari analijua, mwanafunzi hujibu kwa ufupi, mwalimu huhukumu jibu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwenye meza ile. Mama aliuliza, mvulana akatoa neno moja, Mama akasema vyema au akasema jaribu tena. Kwa saa moja na nusu sikumsikia mvulana huyo akitunga sentensi kamili hata moja. Ungeondoka wakati huo ungedhani ni mtoto mzito wa ulimi.

Saa nne yaya alileta sinia ya maharagwe ya kuchambua kwa ajili ya githeri, akaiweka kwenye meza ile ile kwa sababu hakukuwa na nyingine. Hakuna aliyetangaza somo. Kitindamimba alianza kutenga mekundu na yale yenye madoadoa. Mvulana akaanza kuyapanga makumi makumi, na mdogo wake aliponyosha mkono alimkemea: "Usiguse! Hizo ni kumi. Ukichukua moja zitakuwa tisa, halafu nitaanza tena kuhesabu." Dada hakuinua hata macho. "Si zitakuwa," alisema, "yatakuwa. Maharagwe yatakuwa." Na kitindamimba, ambaye hakuna aliyekuwa akimfunza, alirudia kwa sauti ya chini huku akiiba harage: "Yatakuwa, yatakuwa."

Naomba walimu wa Kiswahili wasimame hapa kidogo pamoja nami. Katika sentensi mbili za mtoto wa miaka sita, yule aliyedhaniwa hana maneno, mlikuwa na katazo, sharti, tokeo, na mfuatano wa matukio ya wakati ujao. Kosa lake lilikuwa la upatanisho wa ngeli, na ni kosa analolisikia kila siku mitaani, ambako *hizi* na *zile* zimekuwa nguo za kila nomino ya wingi. Aliyelisahihisha hakuwa mwalimu. Alikuwa mtoto aliyemtangulia kwa miaka mitatu, na usahihisho ulikuja pale pale neno lilipohitajika, bila alama nyekundu. Aliyenufaika zaidi labda ni yule wa miaka minne. Shule yetu, inayowatenganisha watoto kwa umri kama mayai kwenye trei, haiwezi kumpa mtoto nafasi kama hiyo hata ikitaka. Nyumba yenye watoto wa rika mbalimbali huitoa bila kujua.

Kazi iliendelea. Mama, ambaye kwa kweli ni mwalimu hodari anaposahau ratiba, alimuuliza binti mkubwa: kilo moja na nusu ya maharagwe itatosha milo mingapi ikiwa kila mlo hula robo tatu ya kilo? Binti alichora kwa kidole juu ya meza, akafikia milo miwili. Mvulana naye alikuwa amefika kumi na tisa. Kumi na moja, kumi na mbili, yote yalikwenda sawa, kwa kuwa Kiswahili husema wazi kilichomo katika namba: kumi, na moja juu yake. Jina la Kiingereza la namba hiyo halionyeshi kumi wala moja, na mtoto hana budi kulikariri kama jina la mtu. Lakini alipofika ishirini alisita, akiyatazama mafungu yake mawili. Neno ishirini tulilipokea kutoka Kiarabu, na halimwambii mtoto chochote kuhusu mafungu hayo. Ni nyanya aliyemwokoa. "Mĩrongo ĩĩrĩ," alisema kwa Kikuyu, akagusa fungu la kwanza, kisha la pili. Makumi mawili. Kiswahili chenyewe kiliwahi kusema hivyo hivyo kabla ya ishirini kukitawala.

Mtaalamu wa hesabu angeeleza thamani ya nafasi ya tarakimu kwa kurasa kumi. Bibi kizee aliieleza kwa maneno mawili na vidole viwili, kwa sababu lugha yake ilikwisha kuifanya kazi hiyo.

Saa ya ukutani ilikuja baadaye, baada ya chakula. Mvulana aliuliza kwa nini ratiba imeandikwa nane ilhali Mama alisema saa mbili. Kijitabu chake cha Marekani kinafunza kusoma saa, bila shaka, lakini hakina habari kwamba kuna watu duniani wanaotazama mshale ukiwa kwenye nane wakasema mbili. Dada alimpa kanuni aliyoibuni mwenyewe: tazama namba iliyo upande wa pili, mkabala nayo. Nane na mbili, tisa na tatu, kumi na nne. Kanuni hiyo haikosei kamwe, nami niliifurahia. Lakini haijibu kwa nini. Nyanya alijibu: jua likishachomoza tunaanza kuhesabu, na saa mbili maana yake ni kwamba siku ina umri wa saa mbili. Mtoto akatoka nje kulitazama jua. Katika nchi iliyo juu ya mstari wa ikweta, ambako jua halichelewi wala haliwahi kwa kiasi cha kusumbua, hesabu hiyo ina mantiki kuliko ile ya kuanzia usiku wa manane, wakati watu wamelala.

Alasiri kitindamimba alilala. Mvulana aliletewa kitabu cha hadithi cha Kiswahili ambacho, nilielezwa, husomwa "kwa ajili ya kujifurahisha tu", baada ya masomo halisi kwisha. Alikisoma kwa silabi, kidole kikimwongoza, akijikwaa kwenye *ng'* na *dh* lakini akisonga mbele. Tahajia ya Kiswahili ni ya haki: mtoto akishajua irabu tano na jinsi konsonanti zinavyoshikana nazo, anaweza kutamka karibu neno lolote aliloandikiwa, hata asilolijua maana. Kiingereza hakina huruma hiyo. Jina lake la kisu huanza kwa herufi isiyotamkwa kabisa. Asubuhi mvulana huyu alikuwa amehangaika kwa nusu saa na maneno ya namna hiyo, na alasiri akasoma kurasa nne. Kwenye karatasi ya maendeleo yake, zile kurasa nne hazikuandikwa popote.

Kufikia hapa msomaji ataniuliza: basi wewe waitetea elimu ya nyumbani? La. Saa kumi watoto wa jirani walirudi kutoka shuleni, wakapiga kelele langoni, na mvulana aliacha kila kitu akakimbia. Shauku ile ilinionyesha kwamba ndugu wawili hawatoshi kuwa ulimwengu wa mtoto. Aidha, mama huyu ana shahada, ana mume mwenye mshahara, ana yaya. Mama muuza mboga wa sokoni Kitengela hana hata kimoja kati ya hivyo, na kwa mtoto wake shule ya umma, hata yenye darasa la watoto sitini, ndiyo mlango pekee. Anayetaka kuubomoa mlango huo kwa jina la uhuru wa mzazi hatapata saini yangu.

Nilisema kwamba msomaji angeona sababu ya kutoitaja familia hii. Binti wa miaka tisa amefundishwa jibu. Mtu mzima akimuuliza dukani au ndani ya matatu kwa nini hayuko shuleni siku ya Jumanne, anapaswa kusema kwamba alikuwa mgonjwa. Alinieleza mwenyewe, kwa utaratibu, kama anayeeleza kanuni ya kuvuka barabara. Mama yake aliinamisha uso. Anaogopa chifu, anaogopa jirani mwenye mdomo, na mapazia ya upande wa barabarani hayafunguliwi kabla ya saa kumi. Nimefunza pragmatiki kwa miaka mingi, lakini sikupata kumsikia mtoto mdogo kiasi hicho akitofautisha kwa makini namna ile kati ya usemi wa kweli na usemi wa usalama.

Sasa turejee kwenye lile fungamano la sheria na lugha nililolidokeza. Kwa nini mama huyu, aliyesomea ualimu hapa Kenya, hutumia vijitabu vya Texas? Si kwa sababu anavipenda. Alilalamika kwamba ndani yake mna theluji na sarafu za kigeni. Ni kwa sababu mtaala wa Kenya hauna mahali pa mtoto asiye na shule. Tathmini zake hupitia kwa mwalimu na kuingizwa katika kumbukumbu za shule. Mtoto huandikishwa kwa nambari kupitia shule. Mtaala wa kigeni haumuulizi mzazi swali lolote kati ya hayo. Unauzwa, unanunuliwa, mambo yamekwisha. Kwa hiyo sheria iliyodhamiria kumweka mtoto ndani ya elimu ya taifa imemsukuma nje yake, na imemsukuma kwa Kiingereza.

Linganisha hali hiyo na sera tuliyo nayo. Ripoti ya Gachathi ya mwaka wa 1976 ilipendekeza kwamba mtoto katika madarasa matatu ya mwanzo afunzwe kwa lugha inayotumika katika eneo la shule yake, na katika miji ambako makabila yamechanganyika, lugha hiyo huwa Kiswahili. Mtaala wa umilisi ulioanza rasmi mwaka wa 2019 umeishikilia kanuni hiyo. Walimu wanaosoma ukurasa huu wanajua jinsi inavyovunjwa, hasa katika shule za kibinafsi mijini, ambako mzazi hulipa ili mtoto asisikie Kiswahili. Nyumba ya Kitengela ilikuwa na kila kitu ambacho sera hiyo ingekitamani: lugha tatu hai, wasemaji wa vizazi vitatu, na watoto wa umri tofauti wanaorekebishana. Yote hayo yalitumika kwa muda wa kuchambua maharagwe, kisha sinia ikaondolewa ili masomo yaendelee.

Wala kusomesha watoto wa umri mchanganyiko si jambo tulilohitaji kuagiza kutoka ng'ambo. Katika vyuo vya Kurani vya pwani, mwalimu mmoja amekuwa akiketi na watoto wa umri wa miaka mitano hadi kumi na mitano katika chumba kimoja, kila mmoja akiwa penye sura yake, wakubwa wakiwasikiliza wadogo. Miongoni mwa wafugaji wa Kisomali, duksi huhama pamoja na mifugo. Shule za kuhamahama za kaskazini mwa nchi zinategemea mwalimu mmoja anayeongoza madarasa kadhaa kwa pamoja. Mbinu hizo zinastahili kufunzwa katika vyuo vyetu vya ualimu kwa uzito ule ule tunaoupa upangaji wa vipindi vya dakika thelathini, na mwanafunzi wa ualimu atakayeziandikia tasnifu atakuwa amefanya kazi ya maana kuliko wengi waliomtangulia.

Wizara, kwa upande wake, haihitaji kubuni mambo makubwa. Ofisi za elimu za kaunti ndogo zina maafisa wa kuhakiki ubora. Mzazi anayetaka kusomesha nyumbani angeweza kujiandikisha huko, akapewa mtaala wa nchi, akatembelewa mara moja kila muhula, na mtoto akahusishwa na shule ya karibu kwa michezo na kwa tathmini. Anayeshindwa kazi hiyo angegunduliwa mapema, na anayetumia jina la elimu ya nyumbani kuficha mtoto asiyesoma kabisa angegunduliwa mapema zaidi. Kwa sasa wote wamejificha nyuma ya mapazia ya aina moja.

Haraka ya jambo hili inatokana na kalenda. Tathmini ya mwisho wa Gredi ya Sita, iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2022, huandikishwa kupitia shule. Watoto walioanza chekechea sebuleni mwaka wa 2020 wanaifikia gredi hiyo, kama hawajaipita. Mzazi wao ama atamtafuta mwalimu mkuu atakayekubali kumwingiza katika sajili yake mtoto ambaye hajapata kumfunza, ama ataachana na mtihani wa nchi na kulipia wa Cambridge. Wale ninaowajua huchagua la pili. Kiswahili kimekuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule zetu za msingi tangu mwaka wa 1985. Katika mtihani wanaoulipia, ni hiari ya mzazi.